Roboti laini kama jeli: haidrojeli ni nini, na mgonjwa wa Kivu ya Kusini atapata nini ndani yake?

Katika maabara za Marekani na Ulaya, watafiti wanatengeneza roboti ndogo, laini, zinazoteleza na kupinda, kusudi siku moja ziingie ndani ya mwili wa mgonjwa bila kumuumiza. Nyingi zinatumia kitu kinachoitwa haidrojeli. Habari hizi zinazunguka sana kwenye simu zetu, zingine za kweli, zingine zimeongezwa chumvi. Tunaeleza hapa ni kitu gani, kimefika wapi, na ni sehemu gani yake tayari iko katika hospitali zetu bila wengi kujua.

Mkongomani akisikia neno roboti, mara nyingi anafikiri zile za Kinshasa, ambazo mwaka 2013 zilianza kusimama kwenye njia panda na kuongoza magari. Ni kazi ya injinia wetu Thérèse Izay na wenzake. Ni mashine ndefu za alumini, zinageuka, zinanyanyua mikono, zinaongea. Ni ngumu, na ugumu huo ndio unazisaidia kuvumilia jua, mvua na vumbi.

Sasa fikiri mashine ngumu namna hiyo, hata ukiifanya ndogo sana, inapita ndani ya mshipa wa damu wa ubongo. Mshipa ni mwembamba, unapinda kila mahali, na ukuta wake unatoboka upesi. Nyama ya ubongo yenyewe ni laini sana. Wanaopima ugumu wa vitu wanasema chuma cha pua ni kigumu kuliko ubongo zaidi ya mara milioni mia moja. Ukikutanisha vitu viwili vya namna hiyo, kilaini ndicho kitaumia. Ndio maana watafiti walianza kutafuta roboti laini, na kwa zile za kuingia mwilini wakafika kwenye haidrojeli.

Maji yaliyoshikwa ndani ya wavu

Haidrojeli ni jina kubwa kwa kitu kisicho kigeni kwetu. Fikiri wavu wa wavuvi wa sambaza hapa ziwani Kivu. Ukihesabu nyuzi peke yake, wavu ni kitu kidogo, lakini nyuzi hizo zimefungana, na zinashika mzigo mkubwa kuliko uzito wao. Katika haidrojeli, nyuzi ni molekuli ndefu sana zinazoitwa polima. Zimeshikana hapa na pale, na katika matundu ya wavu wake kinachoshikwa ni maji. Haidrojeli zingine zina maji zaidi ya 90 kwa mia, na hata hivyo ukiziweka mezani hazimwagiki.

Jikoni tunaiona kila siku. Uji wa unga ukiuacha upoe katika sahani, unashikana, unatikisika, unaweza kuukata na kijiko. Wanga umeshika maji. Bamia, wengine wanaita gombo, ukiikatakata na kuipika inatoa ule ute unaovutika. Hiyo pia ni polima ya mmea imeshika maji. Na mama yeyote mwenye mtoto mchanga anajua pampers. Ukiipasua ile iliyojaa mkojo, unakuta vipande kama barafu laini. Ndani mulikuwa unga mweupe mkavu tu, nao ukanywa mkojo mara nyingi zaidi ya uzito wake.

Kuna jambo moja la kuangalia katika jeli hiyo ya pampers. Ukiinyunyizia chumvi, inaanza kuachilia maji na kusinyaa. Ni kusema haidrojeli haishiki maji tu, inaweza pia kuitikia. Kitu kikibadilika pembeni yake, kama chumvi, joto, asidi ao umeme, yenyewe inavimba ao inanyauka. Kuitikia huku ndiko kulifanya watafiti wafikiri juu ya roboti.

Na sababu nyingine ya kuipenda ni kwamba mwili wetu wenyewe umejengwa hivyo. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, na hatumwagiki kwa sababu maji hayo yameshikwa ndani ya chembe na nyuzi za mwili. Gegedu ya goti na ule ute wa ndani ya jicho ni jeli za Mungu. Basi kitu kilichotengenezwa na haidrojeli kikikaa karibu na nyama ya mwili, vinafanana kwa ulaini na kwa maji.

Ilianza mezani nyumbani, na dinamo ya baiskeli

Wengi wanafikiri teknolojia kama hii lazima izaliwe katika jengo la mamilioni. Historia yake inasema vingine. Mwaka 1960, wanakemia wawili wa Prague, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, walitangaza katika gazeti la sayansi la Nature kwamba wamepata jeli inayonywa maji na inayoweza kukaa mwilini. Wichterle alitaka kuitumia kwa lensi laini za kuvaa ndani ya jicho, lakini wakubwa wake hawakuona faida ya kuendelea.

Siku za Noeli 1961, akiwa nyumbani, aliunga kimashine kwa vyuma vya mchezo wa watoto vya Merkur, akakizungusha kwa umeme wa dinamo ya baiskeli. Kimashine kile kilizungusha jeli ikiwa bado majimaji mpaka ikachukua umbo la lensi. Katika miezi michache ya mwanzo wa 1962, yeye na mke wake walikuwa wamekwisha kutengeneza lensi elfu kadhaa. Leo watu mamilioni duniani wanavaa lensi laini machoni, na zilitoka kwenye meza ile. Mafundi wetu wa Kadutu wanaofufua redio na jenereta kwa vipande vya huku na kule wataelewa habari hii vizuri.

Namna jeli inakuwa roboti

Kitu kikiitwa roboti, lazima kifanye kazi kwa amri. Jeli inapewa amri kwa njia mbalimbali.

Njia ya kwanza ni maji yenyewe. Mwaka 2017, timu ya Xuanhe Zhao kwenye chuo cha MIT, Marekani, ilitengeneza vidole vya haidrojeli vyenye mifereji ndani. Ukisukuma maji katika mifereji, vidole vinajikunja, ukiyavuta, vinanyooka. Ndani ya maji vidole hivyo karibu havionekani, kwa sababu vinafanana na maji. Vilimkamata samaki mdogo mzima anayeogelea, vikamwachilia bila kumuumiza. Anayemjua sambaza namna anavyokwepa mkono anajua hiyo si kazi ndogo: inataka haraka na ulaini kwa wakati mmoja.

Njia ya pili ni joto. Kuna haidrojeli inayonyauka ikifika karibu digrii 32, chini kidogo ya joto la mwili wetu. Ukiunga tabaka mbili, moja ya kunyauka na moja ya kubaki vile ilivyo, zitajikunja zenyewe kama jani linaloona jua. Kwa njia hiyo watafiti wametengeneza vikamata-nyama vidogo sana, vinavyofunga vidole vyao bila waya, bila betri.

Njia ya tatu ni sumaku. Unachanganya unga laini sana wa sumaku ndani ya kitu laini, halafu unakiongoza kutoka nje ya mwili. Sumaku inapita nyama na mifupa bila kuumiza, ndio maana wengi wanaitegemea.

Kwa muda mrefu tatizo kubwa lilikuwa kwamba jeli inakatika upesi, sawa vile uji ule uliopoa. Mwaka 2012, watafiti wa Harvard walionyesha haidrojeli moja ambayo unaweza kuivuta zaidi ya mara 20 ya urefu wake bila kukatika. Waliunga wavu wa namna mbili ndani ya jeli moja: mmoja unakubali kuachia kidogo kidogo, mwingine unashikilia umbo. Sehemu moja ya jeli hiyo ilitoka katika mimea ya bahari. Toka hapo, jeli ikaanza kuchukuliwa kama kitu cha kujengea.

Uzi unaotambaa ndani ya mshipa

Mfano unaotugusa zaidi ni wa AVC, yaani kiharusi. Katika AVC nyingi, donge la damu linaziba mshipa wa ubongo, na sehemu ya ubongo iliyo mbele inaanza kufa. Katika hospitali kubwa za nje, munganga anaingiza waya mwembamba kupitia mshipa wa paja ao wa mkono, anausukuma polepole mpaka kwenye donge, huku akiangalia picha za eksirei. Ni kazi ngumu sana. Waya ukikwaruza ukuta wa mshipa, hatari inaongezeka, na munganga mwenyewe kila mara anapokea mionzi.

Mwaka 2019, timu ileile ya MIT ilionyesha uzi mwembamba kuliko milimita moja. Ndani yake muna waya wa nikeli na titani, unaopinda na kurudi. Juu yake kuna plastiki laini yenye unga wa sumaku. Na juu kabisa kuna ngozi ya haidrojeli. Ngozi hiyo inafanya uzi uteleze, usikwaruze. Munganga anasogeza sumaku nje ya kichwa, na ncha ya uzi inageuka kufuata. Waliujaribu katika mfano wa silikoni wa mishipa ya ubongo wa ukubwa wa kweli, uliojaa maji mazito kama damu. Uzi ulipita kona zote.

Tukumbuke hapa kwamba kazi ya haidrojeli haikuwa kutembeza uzi. Kazi yake ilikuwa utelezi, na bila utelezi sumaku ingesukuma bure. Utelezi huo tutakutana nao tena chini, katika wodi za hapa Bukavu.

Kidonge kinachovimba tumboni

Mwaka huohuo wa 2019, timu hiyo ilitengeneza kidonge cha haidrojeli. Wazo lilitoka kwa samaki anayejivimbisha akiogopa, ambaye ndugu zake wako hata katika mto wetu wa Kongo. Ukimeza kidonge, kinakunywa maji ya tumboni na upesi kinakuwa kikubwa kama mpira wa pingi-pongi. Kwa sababu ya ukubwa huo hakiwezi kushuka kwenye matumbo, kinabaki kwenye kifuko cha chakula. Ndani yake wameweka kipimo kidogo cha joto. Katika nguruwe, kilikaa mpaka siku 30 kikiendelea kupima. Ukitaka kitoke, unakunywesha maji yenye chumvi ya kalisi, kinasinyaa, kinapita na choo.

Unajua unga ulio ndani ya kidonge kile? Ni wa ukoo mmoja na ule wa pampers. Na kusinyaa kwake ni jambo lilelile la chumvi tulilosema.

Faida inayotafutwa ni kubwa. Mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa kwa miezi sita ao zaidi. Akiacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa umezoea dawa. Kama dawa ingekaa tumboni na kutoka kidogo kidogo kwa wiki mingi, watu wa Mwenga ao Shabunda wanaotembea siku nzima kufika kituo cha afya wangepata nafuu. Lakini hiyo ni ndoto inayofanyiwa kazi, si dawa iliyoko sokoni.

Hapa tunaweka onyo kwa wazazi. Kuna vijishanga vya rangi vinavyovimba ndani ya maji, vinauzwa duniani kwa mapambo ya maua na michezo ya watoto. Navyo ni haidrojeli. Mtoto akimeza kimoja, kinaweza kuvimba ndani ya utumbo na kuuziba, na watoto wengine wamefanyiwa upasuaji juu ya hilo. Kidonge cha maabara kimepimwa ukubwa, mahali pa kuvimbia na namna ya kutoka. Kijishanga cha sokoni hakikupimwa hata kimoja cha hivyo.

Mpaka sasa ziko wapi?

Tuseme wazi. Roboti hizi tulizotaja zimejaribiwa katika mifano ya silikoni na katika wanyama. Toka mnyama hadi mtu kuna hatua nyingi: kuhakikisha jeli haiachi kipande mwilini, haileti uvimbe, haibadiliki ikikaa ghalani, inaweza kusafishwa vidudu bila kuharibika. Jambo la mwisho si rahisi. Mashine nyingi za hospitali zinasafishwa kwa mvuke wa moto mkali, na jeli mingi haivumilii moto huo. Jeli pia inakauka ikiachwa wazi, na maji yake yakipata uchafu, vidudu vinazaana vizuri.

Kwa hiyo mtu akikuambia Bukavu, Goma, Kigali ao Kampala kuna kliniki inatibu AVC, kansa ao uzazi kwa “roboti ya jeli” ukilipa dola kadhaa, jua anatafuta pesa yako. Familia mingi kwetu zimekwisha kuuza shamba juu ya matibabu ya nje. Kabla ya kuuza, uliza munganga wa hospitali ya rufaa jina la matibabu, na kama kweli yanafanyika kwa watu.

Haidrojeli ambazo tayari ziko kwetu

Ya kwanza ni jeli ya ekografia. Kila mama aliyepimwa mimba anaijua, ile ya baridi wanayopaka tumboni. Karibu yote ni maji yaliyoshikwa na polima kidogo. Sauti za mashine hazipiti vizuri kwenye hewa, hivyo jeli inajaza nafasi kati ya kichwa cha mashine na ngozi. Bila jeli, mashine ya maelfu ya dola haionyeshi kitu. Na kwa sababu ni maji, inaweza kubeba vidudu. Wenye kazi wanashauriwa wasijaze chupa juu ya mabaki ya zamani, na kwa mahali penye kidonda ao ndani ya mwili watumie jeli iliyosafishwa vidudu kabisa.

Ya pili ni bandeji za haidrojeli kwa vidonda na kuungua. Sisi wa Kivu ya Kusini tunajua moto. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara ya Uvira, likawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa, wengine wengi wakabaki na majeraha. Na katika Kadutu ao Bagira, nyumba za mbao zikishika moto, watoto ndio wanaungua wa kwanza.

Wengi wetu tumelelewa na maneno kwamba kidonda lazima kikauke. Lakini tangu 1962 mtafiti Mwingereza George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichotunzwa na unyevu kinafunika ngozi mpya karibu mara mbili upesi kuliko kilichoachwa kukauka. Ngozi mpya inatambaa juu ya unyevu. Ikikuta gamba kavu, lazima ichimbe chini yake. Bandeji ya haidrojeli inatunza unyevu huo, inapoza, na siku ya kuibadilisha haing'oi nyama. Anayekumbuka kilio cha mtoto wakati kitambaa kikavu kinabanduliwa anajua faida yake. Hata hivyo si kwa kila kidonda: kile kinachotoa maji mengi ao chenye usaha kinahitaji kitu kingine, na munganga ndiye anachagua.

Nyumbani, mtu akiungua, msaada wa kwanza ni maji yenyewe: maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20. Hapana barafu, hapana dawa ya meno, hapana mafuta, hapana yai. Halafu funika na kitambaa safi na uende kituo cha afya.

Ya tatu ni sonda, ule mpira wa mkojo. Aina zingine za sonda zimepakwa haidrojeli nje: zikiloa zinateleza. Ni kazi ileile ya ngozi ya uzi wa MIT. Katika mji wetu jambo hili si dogo. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa 1999 na munganga Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya Amani 2018, imewapasua wamama mingi wenye fistula, iliyoletwa na uzazi mgumu ao na ukatili wa vita. Baada ya kushona tundu, mama anabaki na sonda ili kibofu kipumzike. Shirika la Afya Duniani, OMS, katika ushauri wake wa 2018, linasema siku 7 mpaka 10 zinatosha kwa fistula ya kawaida. Kwa siku zote hizo, mpira unagusa nyama iliyotoka kushonwa. Hapo ulaini wa kitu kinachoingia mwilini si habari za magazeti ya sayansi tena.

Teknolojia inafika namna gani?

Kuna watu watasema: mambo haya si ya kwetu, umeme wenyewe wa SNEL unakatika. Ni kweli. Na tangu Februari 2025, vita vilipoingia mjini na uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, kusafirisha mgonjwa ao kuingiza vifaa kumekuwa kugumu zaidi. Lakini Bukavu ina historia yake na roboti, na wachache wanaijua.

Mwezi wa Machi 1997, nchini Ubelgiji, wapasuaji Jacques Himpens na Guy-Bernard Cadière walitoa kifuko cha nyongo cha mgonjwa kwa kutumia roboti iliyoongozwa na munganga kutoka mbali kidogo na kitanda. Ulikuwa upasuaji wa kwanza duniani wa namna hiyo. Cadière huyohuyo ndiye alikuja baadaye Panzi, si mara moja, kupasua pamoja na Mukwege kwa kamera na matundu madogo badala ya kufungua tumbo lote. Mwaka 2014 wakaandika kitabu pamoja, jina lake *Panzi*.

Angalia alichokuja nacho. Hakuleta roboti. Alileta kamera, vyombo virefu vyembamba, na zaidi ya yote mafunzo kwa wanganga wa hapa. Sehemu ya teknolojia iliyoweza kuishi Bukavu ndiyo ilifika: ile inayotegemea mikono iliyofundishwa kuliko mashine ya bei kubwa. Kwa haidrojeli itakuwa vilevile. Uzi wa sumaku unataka chumba cha eksirei, skana na fundi wa kudumu, hautatufikia kesho. Lakini sonda inayoteleza, bandeji yenye unyevu na jeli safi ya ekografia zinaweza kufika katika boksi, hata kwa pikipiki mpaka Bunyakiri.

Je, tunaweza kutengeneza wenyewe?

Kwa sehemu, ndiyo. Mwaka 2014, watafiti wa Marekani walitangaza kwamba jeli ya ekografia iliyopikwa na wanga wa mahindi na maji inaleta picha zinazoweza kulinganishwa na za jeli ya kiwanda. Waliifanya kwa kufikiria mahali kama kwetu, ambapo mashine ya ekografia ipo lakini jeli imekwisha. Wanga tunao, wa mahindi na wa muhogo. Kinachohitajika ni usafi, kwa sababu wanga ni chakula cha vidudu pia: jeli ya namna hiyo inapikwa leo, inatumika upesi, na haiwekwi kwenye kidonda. Si kazi ya kujaribia nyumbani, ni kazi ya hospitali yenye mtu wa famasia.

Ndugu zetu wa Zanzibar nao wana malighafi. Tangu 1989 wanalima mwani baharini, na wengi wa wakulima hao ni wamama. Mwani huo unauzwa nje kutolewa karajini, polima inayoshika maji na kutengeneza jeli, inayotumika katika vyakula na dawa ya meno. Mkulima anapata kidogo sana, na jeli inarudi Afrika ikiwa na bei ya kiwanda. Habari hiyo inafanana na ya kahawa na madini yetu.

Hapa mjini tuna Université Officielle, Université Catholique na Université Evangélique en Afrique, zenye wanafunzi wa kemia, kilimo na udaktari. Kazi ya mwisho wa masomo juu ya wanga wa muhogo wa Walungu ao Kabare, namna unavyoshika maji na namna ya kuutunza bila vidudu, haihitaji mashine za MIT. Wichterle alianza na dinamo.

Maswali ya kuuliza hospitalini

Kwa kumaliza, haya ndiyo mtu wa familia anaweza kuuliza bila aibu. Munganga mzuri hatakasirika.

Kwa mgonjwa wa kidonda ao wa kuungua: je, kidonda hiki kinahitaji unyevu ao kukaushwa, na bandeji inabadilishwa kila siku ngapi?

Kwa mwenye sonda: itakaa siku ngapi, na kuna aina yenye kuteleza? Kama haipo, tunaisafisha namna gani?

Kwa mama anayepimwa ekografia: jeli hii chupa yake imefunguliwa lini?

Na kuhusu AVC, usingoje roboti. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono mmoja ukikosa nguvu, maneno yakikwama ghafla, mpeleke mgonjwa hospitalini saa hiyohiyo, usimpitishe kwanza chumba cha maombi wala kwa muuza miti. Kila saa inayopita, ubongo unakufa zaidi. Na kwa sisi wengine ambao bado wazima, chombo kinachosaidia kukinga AVC kiko katika vituo vingi vya afya: ile mashine ya kupima tansio. Kama umepita miaka 40 na hujapimwa mwaka huu, nenda wiki hii.